Edward Vesala: mpiga dramu aliyezungukwa na matarumbeta

Nilimfikia Edward Vesala, mwanajazi wa Ufini, kwa kupitia tarumbeta, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mpiga dramu. Nilipokuwa shuleni nilipuliza tarumbeta katika bendi ya gwaride kwa miaka mitatu, tena vibaya, na tangu hapo masikio yangu yamebaki na mazoea ya kumtafuta mpulizaji kwanza katika kila santuri na kuwaacha wenzake wakae nyuma kama watu waliokuja kumsindikiza bwana harusi. Ndivyo nilivyoipata Balladyna, albamu ya Mpolandi Tomasz Stańko iliyorekodiwa Ludwigsburg, Ujerumani, mwezi Desemba 1975, na kutolewa na kampuni ya ECM ya Munich mwaka uliofuata. Nilikwenda kumsikiliza Stańko na sauti yake yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyekesha na asiyetaka kuulizwa amekesha kwa sababu gani. Nilirudi nikimuuliza kila mtu kuhusu yule aliyekuwa akipiga dramu.

Nitajaribu kueleza nilichokisikia, kwa sababu kazi yote ya Vesala iliyofuata imejengwa juu yake. Hapigi mdundo wa kuhesabiwa. Matoazi yake yanapita kama mvua ya upepo juu ya bati: unajua kwamba kuna mwendo, na mwendo huo una nguvu, lakini ukitaka kuugonga kwa kidole mezani unakukimbia. Ngoma kubwa inaingia pale tu inapokuwa na neno la kusema, kisha inanyamaza kwa muda mrefu kuliko mpigaji mwingine angethubutu. Besi ya Dave Holland ndiyo inayoshika ardhi, na saksafoni ya Tomasz Szukalski inajibizana na tarumbeta, lakini hali ya hewa ya santuri nzima inatoka kwa huyu Mfini. Wimbo wa mwisho, Nenaliina, ni utunzi wake, na jina lake ni neno la Kifini lenye maana ya leso, ile ya kufutia pua. Nimelipenda jina hilo kwa kuwa halijikwezi.

Neno jazi lenyewe linahitaji tahadhari kwa msomaji wa Kiswahili. Sisi tuliokulia na nyimbo za Western Jazz na Morogoro Jazz tumezoea kuliona neno hilo katika majina ya bendi za dansi, zenye magitaa yanayosukana na watu wazima wanaocheza hadi usiku wa manane. Jazi ya Vesala haichezeki kwa namna hiyo, na mtu akiiweka kwenye sherehe ya kipaimara atafukuzwa. Hata hivyo dansi haikuwa mbali naye. Ufini ni nchi ambayo ililipokea tango la Argentina mapema katika karne ya 20, ikalipunguza mwendo, ikalitia huzuni yake yenyewe, na kulifanya muziki wa wananchi wa kawaida, unaochezwa wakati wa kiangazi katika kumbi za mbao zilizojengwa kando ya maziwa. Tango hilo linajitokeza tena na tena katika kazi ya Vesala, wakati mwingine kwa heshima na wakati mwingine kwa kejeli, na mojawapo ya tungo zake ameiita Fingo, jina ambalo mtu yeyote anaweza kulifumbua.

Alizaliwa Mäntyharju, mashariki mwa Ufini, katika sehemu ya misitu na maziwa, tarehe 15 Februari 1945. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Chuo cha Sibelius kilichoko Helsinki, ambako alijifunza nadharia ya muziki na ala za kugongwa. Vijana wa jazi na wa roki nchini humo wakati ule walikuwa wachache mno kuweza kutengana, hivyo Vesala alionekana kila mahali, hata katika kundi la Blues Section lililokuwa likichanganya mitindo hiyo miwili bila kuomba radhi. Tamasha la Pori, ambalo baadaye lilikuja kuwa kubwa, lilikuwa limeanza mwaka 1966 tu. Kwa maneno mengine, mtu aliyetaka kuwa mwanajazi wa Kifini hakuwa na njia iliyotengenezwa ya kupita. Ilimlazimu aifyeke mwenyewe.

Hatua iliyomtoa nje ya nchi ilikuwa Triptykon, iliyorekodiwa Oslo mwezi Novemba 1972 pamoja na Jan Garbarek wa saksafoni na Arild Andersen wa besi, wote wawili Wanorwei. Ni santuri ngumu, yenye makali, na sina budi kukiri kwamba huwa siisikilizi kwa starehe. Watatu wale wanasukumana kama watu waliofungiwa chumbani. Lakini ndani yake unasikia kwamba Vesala ameshapata lugha yake, na miaka miwili baadaye, mwezi Aprili 1974, aliitumia lugha hiyo kwa jambo ambalo wapiga dramu wengi hawalijaribu, yaani kuongoza kundi kubwa na kulitungia.

Albamu hiyo ni Nan Madol, iliyopewa jina la magofu ya mji wa kale uliojengwa juu ya maji katika kisiwa cha Pohnpei, Mikronesia. Ilirekodiwa Helsinki. Humo wamo Juhani Aaltonen, ambaye saksafoni na filimbi yake ingekuwa karibu na Vesala kwa miaka mingi. Charlie Mariano, Mmarekani. Mircea Stan, Mromania mwenye tromboni. Teppo Hauta-aho wa besi. Juhani Poutanen wa fidla. Na Elisabeth Leistola wa kinubi. Kinubi katika jazi! Nakumbuka nilidhani nimekosea santuri. Na katika tarumbeta yumo Kaj Backlund, mtu ambaye nitamrudia, kwa kuwa yeye na kiongozi wake wa siku ile walikuja kufundisha muziki kwa njia mbili tofauti kabisa.

Katika Nan Madol hakuna mpulizaji mmoja anayesimama mbele huku wengine wakimwekea zulia. Wimbo unaanza kwa ukungu wa ala ndogondogo, sauti moja inachomoza, nyingine inaishika mkono, na ghafla kundi zima linapaaza kilio kinachofanana na maombolezo ya kijijini zaidi ya muziki wa ukumbini. Kiongozi hatoi amri kwa kupiga kwa nguvu. Anatoa amri kwa kunyamaza, na wenzake wanaujaza ukimya huo kama anavyotaka.

Urafiki wake na Stańko ulikuwa umeanza kuzaa matunda wakati huohuo. Mwaka 1974 walirekodi TWET huko Warsaw, kisha ikaja Balladyna, kisha mwaka 1978 ikaja Almost Green, iliyotolewa na Leo Records. Hapa nitoe tahadhari kwa wakusanyaji wa santuri: Leo Records hii ni kampuni ya Vesala mwenyewe, ya Ufini, na si ile ya London yenye jina hilohilo. Nimewahi kuagiza moja nikidhani ni nyingine. Kati ya mwaka 1974 na 1978 kundi la wawili hawa lilikuwa, kwa maoni yangu, kati ya makundi bora ya tarumbeta barani Ulaya, na sababu yake ni kwamba Vesala alimpa Stańko kitu ambacho mpulizaji wa aina yake anakihitaji kuliko sifa: nafasi. Tarumbeta linalopigwa juu ya mdundo uliobana hulazimika kupaza sauti ili lisikike, na likipaza sauti hupoteza zile nong'ono na mipasuko ambayo ndiyo utajiri wake. Juu ya dramu za Vesala, Stańko aliweza kupuliza noti moja, kuiacha ichakae hewani, kisha kuifuta.

Ukishaligundua hilo unaelewa kwa nini matarumbeta yalimfuata popote alipokwenda. Mwezi Oktoba 1976 alirekodi Satu huko Oslo, neno ambalo kwa Kifini lina maana ya hadithi ya kubuni, ile wanayosimuliwa watoto, na safari hii hakutosheka na mpulizaji mmoja. Alimweka Stańko pamoja na Mdenmark Palle Mikkelborg, watu wawili wenye tabia zilizoachana kama usiku na asubuhi, maana Mikkelborg ana sauti safi, iliyong'arishwa, isiyo na kovu. Gitaa la umeme la Terje Rypdal linapita kati yao kama upepo wa baridi. Na mwaka 1979 Vesala alikuwa nyuma ya Kenny Wheeler, Mkanada aliyeishi Uingereza, katika albamu ya Around 6. Stańko, Mikkelborg na Wheeler: mtu angeweza kuandika sehemu kubwa ya historia ya tarumbeta la Ulaya katika miaka hiyo kwa kukaa tu karibu na kiti cha mpiga dramu huyu.

Sasa nije kwenye ualimu, ambao ndio ulionifanya niandike makala haya.

Katika miaka ya 1970 na 1980 Ufini ilikuwa ikijenga, kwa utaratibu wake wa kawaida, taasisi za muziki huu. Shule ya muziki wa pop na jazi ya Oulunkylä, katika kitongoji cha Helsinki, ilianza mwaka 1972. Bendi kubwa ya UMO iliundwa mwaka 1975 na ikapata kuwa chombo cha ajira kwa wanajazi. Mwaka 1983 Chuo cha Sibelius kilifungua idara ya jazi. Kaj Backlund, yule wa tarumbeta katika Nan Madol, alikuwa mtu wa upande huu: mpulizaji, mpangaji wa muziki wa bendi kubwa, mwalimu, na mwandishi wa kitabu cha kufundishia ubunifu wa papo kwa papo. Sina dharau hata kidogo kwa kazi ya namna hiyo. Nchi yenye watu wasiofika milioni tano wakati ule isingeweza kuzalisha wanamuziki wengi kiasi hicho bila vitabu, mitihani na mishahara, na mimi niliyefundishwa tarumbeta kwa kukaripiwa naijua thamani ya mwalimu aliyekaa chini akaandika hatua moja baada ya nyingine.

Vesala alifundisha kwa namna nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 aliwakusanya vijana katika karakana ya muziki ambayo ilikuja kuwa kundi lake la Sound & Fury. Haikuwa shule ya kutoa vyeti. Ilikuwa bendi iliyofanya kazi ya shule, au shule iliyojificha ndani ya bendi, na kila mwanafunzi alijifunza kwa kupewa mahali katika muziki wa mtu aliyejua hasa anataka kusikia nini. Tofauti ya njia hizi mbili naiona hivi: mwalimu wa darasani anakupa maneno ili ukatunge sentensi zako popote utakapokwenda, na Vesala alikuingiza moja kwa moja katikati ya sentensi yake ndefu, ukaachwa utafute neno lako kabla hajafika kituoni. Njia ya kwanza ina usalama. Ya pili inaweza kumvunja mtu, na mtu asiyevunjika anatoka akiwa na sauti isiyofanana na ya mwingine yeyote.

Ushahidi wa kwanza mkubwa ni Lumi, iliyorekodiwa mwaka 1986 na kutolewa na ECM mwaka 1987. Jina lake lina maana ya theluji. Ningekuwa na ruhusa ya kumpa msomaji albamu moja tu ya Vesala ningempa hii, ingawa Balladyna ndiyo ninayoipenda kwa moyo. Tarumbeta sasa liko kwa Esko Heikkinen, Mfini, na hapa hapati nafasi ya kuwa Stańko wa pili. Amefumwa ndani ya kitambaa pamoja na saksafoni za Pentti Lahti, Jorma Tapio, Tapani Rinne na Kari Heinilä, tromboni na tuba ya Tom Bildo, kodiani ya Taito Vainio na gitaa la Raoul Björkenheim. Wimbo unaoitwa Calypso Bulbosa una jina la ua dogo la okidi linaloota katika misitu ya kaskazini, na nilitarajia kitu laini; badala yake gitaa linakwaruza kama msumeno. Baadaye unakuja wimbo wa polepole ambamo ala za kupulizwa zinapumua pamoja kama mtu mmoja aliyelala. Inashangaza kwamba vijana ambao wengi wao majina yao hayakuwa yakijulikana nje ya Ufini walipiga kwa subira ya wazee. Subira hiyo haifundishwi ubaoni.

Mwaka 1989 walirekodi albamu ambayo jina lake lilichokoza watu makusudi, Ode to the Death of Jazz, yaani utenzi wa kifo cha jazi. Vesala aliiambatanisha na maneno makali dhidi ya muziki uliogeuzwa mtindo wa kuvaliwa, unaorudia ishara za zamani bila hisia iliyozizaa. Ni rahisi kumwona kama mzee mwenye hasira, ingawa alikuwa na miaka 44 tu. Mimi nadhani alikuwa akiwasema pia wanafunzi wa vyuo vile vipya, na hapo simwungi mkono moja kwa moja, kwa kuwa baadhi ya wapigaji wake walipitia vyuo hivyohivyo, na mkono uliofunzwa vizuri haukumdhuru hata siku moja. Tarumbeta la Matti Riikonen katika santuri hiyo, na katika zile mbili zilizofuata, Invisible Storm na Nordic Gallery, ni la mtu anayejua ala yake sawasawa. Kilichobadilika ni alichoombwa akifanyie.

Kuna jina ambalo nimelichelewesha. Katika Lumi na katika kazi zote za Sound & Fury, piano na kinubi vinapigwa na Iro Haarla, aliyezaliwa mwaka 1956, mwanafunzi wa Chuo cha Sibelius na mke wa Vesala. Kwa muda wa miaka ishirini hivi aliweka kando matamanio yake ya kutunga kwa jina lake mwenyewe na kuutumikia muziki wa mumewe. Baada ya kifo cha Vesala ndipo ilipofahamika kwa upana kwamba kazi kubwa ya kuzijengea nyimbo zile harmonia na kuzigawia ala ilikuwa imepita mikononi mwake, bila kutajwa kwa kiasi kilichostahili. Nilipolijua hilo nilirudi kusikiliza Lumi kuanzia mwanzo, na kitu kilichokuwa kikinitatiza kikapata jibu. Nilikuwa nikijiuliza mpiga dramu amejuaje namna ya kuviweka kinubi, kodiani na tarumbeta katika chumba kimoja bila kimoja kumeza kingine. Sasa nilielewa kwamba swali langu lilikuwa limeelekezwa kwa mtu mmoja wakati jibu lilikuwa kwa wawili.

Je, jambo hilo linampunguza Vesala? Nimelifikiria sana na sijaweza kulipa jibu la mkato. Maono yalikuwa yake. Nan Madol na Satu zinathibitisha hilo, kwa kuwa zilirekodiwa kabla Haarla hajaingia katika maisha yake ya muziki, na ule ukungu na vile vilio tayari vimo. Lakini kiongozi wa bendi anayejenga shule juu ya ukweli wa hisia, kisha akaacha kazi ya mtu wa karibu naye zaidi isomeke kama yake peke yake, ana deni. Ni deni la kawaida katika historia ya muziki, na ukawaida wake hauliondoi.

Vesala alifariki Yläne, kusini magharibi mwa Ufini, tarehe 4 Desemba 1999, akiwa na miaka 54. Karakana yake ilikuwa imeshatawanyika kwa namna njema. Björkenheim alikuwa ameanzisha Krakatau, kundi lenye gitaa kali lililorekodi albamu mbili kwa ECM katika miaka ya 1990. Tapani Rinne alikwenda upande ambao mwalimu wake pengine asingeuchagua, akaanzisha RinneRadio mwaka 1988 na kuichanganya saksafoni yake na mashine za kielektroniki. Jorma Tapio aliendelea kupuliza saksafoni na filimbi akiwa na makundi yake mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao anayesikika kama mwenzake, na ni vigumu kuamini kwamba waliwahi kukaa katika safu moja.

Na Haarla alianza upya. Mwezi Septemba 2004 alirekodi Northbound, iliyotolewa na ECM mwaka 2005, akiwa kiongozi, na tungo zake mwenyewe, piano yake na kinubi chake. Aliwaita Trygve Seim wa saksafoni, Uffe Krokfors wa besi na Jon Christensen wa dramu. Mtu wa tano, bila shaka yoyote, alikuwa mpiga tarumbeta: Mnorwei Mathias Eick, kijana wakati ule, mwenye sauti laini inayokaribia kuwa pumzi tupu. Kinubi kinaanza chini kabisa, matoazi yanapita bila kuhesabu, na tarumbeta linangoja kwa muda mrefu sana kabla ya kuingia.